Excel Ikijifunga, Mwanangu

Mwanangu, programu ikijifunga ghafla mbele ya macho yako, usikimbilie kuifungua tena. Ondoa mkono kwenye kipanya. Jiulize: nilikuwa nafanya nini sasa hivi? Nilikuwa nabandika kitu? Nilikuwa nachuja orodha? Nilikuwa natuma kurasa kwenye printa? Liandike jibu hilo popote, hata nyuma ya risiti ya duka. Baada ya muda mfupi utakuwa umelisahau, na hilo ndilo nitakalokuuliza kwanza.

Najua una haraka. Simu zenu hunijia Alhamisi mchana, wiki ya kazi ya hapa Oman inakwisha, mkubwa amesimama mlangoni anataka jumla. Sijapata kupigiwa Jumapili asubuhi na kijana akaniambia, mama, faili langu limeanza kuwa zito, nifanyeje? Na Jumapili ndiyo siku yake hasa. Faili haliharibiki kwa siku moja. Wiki nzima lilikuwa linafunguka kwa taabu, wewe ukawa unalibofya na kwenda zako kutia chai, ukaona ndivyo lilivyo.

Mimi nimekaa na hesabu tangu zilipokuwa kwenye daftari la mistari, hapa hapa Ruwi, Maskati. Nilikuja msichana kutoka Unguja, miaka ile baada ya 1970, ofisi zinafunguliwa kila upande na wenye kusoma na kuandika wanatafutwa. Nikatiwa kwenye hesabu. Ukikosea namba moja juu ya ukurasa, unafuta mpaka chini. Kero ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyomsumbua Dan Bricklin alipokuwa akisomea biashara Harvard, na mwaka 1979 yeye na mwenzake Bob Frankston wakaitoa programu ya majedwali ya hesabu, VisiCalc. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, kisha Excel: kwanza kwenye Macintosh mwaka 1985, halafu kwenye Windows mwaka 1987. Walitaka kumpunguzia mtu kazi ya kufuta na kuandika upya. Sisi tukaja tukaitwisha kila kitu: stoo, mishahara, kodi, mahudhurio, mpaka picha za pasi za wafanyakazi nimeziona zimebandikwa ndani ya seli. Halafu tunashangaa ikilemewa.

Kuna mambo mawili mnayaita kwa jina moja. Kuganda si kujifunga. Kioo kikiwa cheupe na juu pameandikwa Not Responding, mara nyingi programu bado iko kazini, ila haina nafasi ya kukujibu. Fungua Task Manager, tazama mstari wa Excel. Kama namba ya CPU inapanda na kushuka, bado inapiga hesabu. Iache. Nenda kasali adhuhuri, rudi. Vijana wengi huiua hapo hapo, na kazi ya asubuhi nzima hufa nayo.

Kujifunga ni pale dirisha linapotoweka lote. Ukiifungua tena Excel, mara nyingi pembeni kushoto hutokea orodha ya nakala ilizojiokolea. Usiifunge orodha hiyo kwa haraka. Tazama saa iliyoandikwa kwenye kila moja. Fungua ile ya karibuni, uihifadhi kwa jina jingine, usiiweke juu ya ile ya zamani. Kama hukubadilisha kitu, akiba hiyo huwekwa kila baada ya dakika 10. Ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi uipunguze, weka 5 au 3. Lakini usiitegemee. Ile ni ya kukutoa kwenye ajali ya leo tu, wala haihesabiki kuwa nakala.

Sasa nikwambie kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike haya.

Kodi ya ongezeko la thamani ilianza hapa Oman tarehe 16 Aprili 2021, asilimia 5. Mimi nilishastaafu, lakini nilikuwa namshikia mpwa wangu hesabu za duka. Marejesho ya kodi ni kila robo mwaka, na ukishamaliza robo una siku 30 za kuyapeleka. Siku zikawa zinakwisha, na faili likawa linajifunga kila nikiligusa. Nikaenda kwenye dirisha la kufungulia mafaili, nikabofya mshale mdogo kando ya neno Open, nikachagua Open and Repair. Ikaniuliza nitengeneze faili au nitoe data iliyomo. Kutengeneza kulikataa. Nikachagua kutoa data. Ikaniuliza tena: nikuokolee fomula, au nikubakishie thamani tu? Sikusoma. Nilikuwa na pupa kuliko wewe. Nikachagua thamani, faili likafunguka, nikashukuru Mungu, nikalihifadhi juu ya lile la zamani kwa jina lile lile.

Lilikuwa linapendeza. Halijifungi, halina uzito. Namba zote ziko mahali pake. Rial yetu ina baisa 1000, kwa hiyo sisi huandika tarakimu tatu baada ya nukta, na jicho langu lilizoea kuziona zile tatu zimekaa sawa bila kuuliza kama bado zinafanya kazi. Siku za mbele nikasahihisha ankara moja. Bei ilikuwa 12.400, nikaandika 14.800. Kodi ikabaki pale pale, 0.620, na ilitakiwa iwe 0.740. Nikabofya ile seli. Juu hapakuwa na fomula, palikuwa na namba tupu. Nikabofya ya chini yake. Namba tupu. Faili zima lilikuwa halipigi hesabu tena, na lile zuri nililifuta kwa mkono wangu. Tukarudi kwenye maboksi ya ankara, karatasi kwa karatasi, mpwa wangu ananisomea na mimi naandika.

Open and Repair ni chombo kizuri, nakitumia mpaka leo. Lakini kitumie juu ya nakala, kwa jina jipya, na faili likishafunguka bofya seli kadhaa za jumla utazame juu kama fomula zingalipo. Tangu siku ile mimi naliogopa faili linalonyamaza kuliko linalojifunga. Linalojifunga angalau limekwambia kuna jambo.

Na msidhani ni mambo ya vikongwe wa madukani. Uingereza mwaka 2020, katikati ya korona, shirika lao la afya, Public Health England, lilikuta karibu watu 16,000 waliothibitika kuugua hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati. Data zao zilikuwa zinamiminwa kwenye faili la aina ya zamani, xls, ambalo mwisho wake ni safu mlalo 65,536. Zilizozidi zikabaki nje. Aina mpya, xlsx, inafika 1,048,576. Kama ofisini kwenu bado kuna mafaili ya xls yaliyorithiwa kutoka kwa mhasibu wa kabla yako, yahifadhi upya kama xlsx. Mara nyingi hata uzito hupungua.

Basi tushike njia moja. Kabla ya kutengeneza chochote, jua ugonjwa uko wapi. Fungua Excel bila faili lolote, ukurasa mtupu, uandike andike. Inatulia? Fungua faili jingine. Linatulia? Basi ni faili lako, usiguse programu. Kama kila faili linajifunga, usihangaike na faili. Kama unaweza kulipeleka kwenye kompyuta ya mwenzako, lipeleke. Likijifunga na huko, umeshapata jibu. Hayo hayachukui hata nusu saa, na yanakuepusha na kununua kompyuta mpya usiyoihitaji. Nimewaona watu wakinunua.

Kama shida iko kwenye programu yenyewe, ifungue huku umeshikilia kitufe cha Ctrl. Itakuuliza kama unataka hali ya usalama. Kubali. Hapo inafunguka peke yake, bila vile viongezo ambavyo watu hupachika: cha benki, cha programu ya mahesabu, cha kugeuza PDF, cha mtu aliyeondoka kazini zamani na hakuna anayejua kilikuwa cha nini. Ikitulia katika hali hiyo, mkosaji ni kimoja cha viongezo hivyo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Add-ins, uvizime vyote, kisha ukirudishe kimoja, ufanye kazi kidogo, ndipo ukirudishe kingine.

Kimoja kimoja, mwanangu. Hapa ndipo haraka inapowaponza. Mtu anasasisha programu, anafuta viongezo, anabadilisha printa, anaongeza RAM, yote kwa asubuhi moja. Ni kama mgonjwa aliyekunywa dawa za waganga watatu siku moja: akipona hajui ipi imemponya, na ugonjwa ukirudi anaanza upya.

Windows nayo inaweka kumbukumbu. Andika Event Viewer kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Windows Logs, kisha Application. Tafuta alama nyekundu ya saa ile ile ilipojifunga. Ndani yake kuna mstari unaotaja kipande kilichoanguka, Faulting module name. Usiogope maandishi yale. Soma jina hilo moja tu. Likiwa si la Excel, ukakuta limefanana na jina la kiongezo fulani au la printa, kazi imeshapungua nusu.

Ndiyo, printa. Hapa watu hunicheka. Excel inapopanga kurasa huiuliza printa iliyowekwa kuwa ya kawaida: karatasi yako ina upana gani, kingo zako ziko wapi? Printa ikiwa imeshaondolewa ofisini, au programu yake imeharibika, Excel inabaki inangojea jibu lisilokuja. Palikuwa na ofisi moja hapa mjini, faili la mishahara lilikuwa linaganda kila mwisho wa mwezi. Wakalilaumu faili, wakalaumu mtandao, wakamlaumu binti wa watu aliyekuwa akilishughulikia. Mimi nilikaa naye tukilipekua faili karatasi baada ya karatasi, hatuoni kitu. Ndipo yule binti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huganda tu akitaka kuona litakavyochapwa. Hakuna aliyemuuliza mapema, na mimi mmoja wao. Printa iliyowekwa ilikuwa ya ghorofa walilokwishalihama. Tukaweka Microsoft Print to PDF kuwa ya kawaida, likafunguka. Hilo ni jambo la kujaribu mapema, maana haligharimu kitu.

Lakini nikisema kweli, mara nyingi ni faili. Na mara nyingi ni sisi tulioliharibu, kidogo kidogo.

Fungua nakala, nenda kwenye kila karatasi, bonyeza Ctrl na End. Itakupeleka kwenye seli ya mwisho ambayo Excel inaihesabu kuwa imetumika. Orodha yako ina mistari mia nne, nayo inakupeleka kwenye mstari wa laki tano. Huko chini hakuna kitu unachokiona, lakini mtu aliwahi kupaka rangi safu nzima, au kubandika na kufuta. Kufuta maandishi hakutoshi. Chagua safu mlalo zote tupu za chini, uziondoe zenyewe kwa Delete ya mbofyo wa kulia, kisha uhifadhi. Nimeona faili la mizigo likipungua mpaka mmiliki akadhani nimempotezea data.

Kisha tazama rangi zinazojibadilisha zenyewe, zile za masharti, nyekundu kwa deni na kijani kwa aliyelipa. Kila unaponakili na kubandika, kanuni ile inazaliana. Nenda kwenye Manage Rules, uchague uonyeshwe za karatasi nzima. Ukikuta orodha ndefu ya kanuni zinazosema jambo lile lile, zifute zote uandike moja. Halafu bonyeza F5, Special, Objects. Hapo vitatokea vitu vilivyofichika: vivuli vya picha, vitufe visivyo na kazi, visanduku vilivyokuja na jedwali ulilonakili kutoka kwenye intaneti. Hesabu yake itakushtua.

Na fomula. Usiiambie Excel ijumlishe safu wima nzima kama data yako inaishia mstari wa elfu mbili, hasa kwa zile fomula nzito zinazozidisha safu kwa safu. OFFSET na INDIRECT zipunguze, kwa sababu hizo hupigwa upya kila unapogusa kitu popote. Viungo vya mafaili ya nje navyo: faili linatafuta bei kwenye kompyuta ya mtu aliyehamia Sohar, halimpati, linangoja. Unaweza kuiweka Excel ipige hesabu ukiiamuru tu, kwa F9, ili upate nafasi ya kufanya usafi. Lakini ukimaliza irudishe kwenye kupiga yenyewe. Usipoirudisha utapeleka jumla ya jana ukidhani ni ya leo, na hilo ni lile lile la faili linalonyamaza.

Ukishindwa kumjua mkosaji, gawa. Chukua nakala, futa nusu ya karatasi. Bado linajifunga? Mkosaji yumo kwenye nusu iliyobaki. Halijifungi? Alikuwa kwenye ile uliyofuta. Endelea kugawa mpaka ibaki karatasi moja. Hiyo usiinakili nzima. Anzisha mpya, uhamishe fomula na namba bila mapambo. Ni kazi ya kuchosha. Tia kahawa. Na kama faili halifunguki kabisa kwenye Excel, jaribu nakala yake kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure. Mara nyingine hulipokea lile lililokataliwa, ukapata angalau namba zako.

Juu ya mashine yenyewe sina mengi. Joto la Maskati mwezi wa Juni unalijua, na vumbi huziba matundu ya feni, kwa hiyo kompyuta isafishwe. Lakini ikiwa kila kitu kinafanya kazi na Excel peke yake ndiyo inajifunga, usilaumu joto. Mashine ikizimika yote, hapo ndipo utazame feni na umeme. Jambo moja tu la kuangalia: kama Excel yako ni ya biti 32, haiwezi kutumia kumbukumbu yote ya kompyuta hata ukiongeza RAM mara mbili. Tazama kwenye Account, kisha About Excel. Kwa mafaili makubwa weka ya biti 64, ila uliza kwanza kama viongezo vyenu vinaikubali. Kuitengeneza programu, ile Quick Repair na Online Repair, nakuachia mwisho. Hiyo ya pili inahitaji intaneti na subira.

Nakala. Najua umechoka kusikia. Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, maji yaliingia Qurum na mabondeni kote, na kulikuwa na ofisi ambazo karatasi na kompyuta vililowa pamoja, kwa sababu nakala ilikuwa kwenye droo chini ya meza ile ile. Weka moja kwenye mashine, moja nje ya jengo. Iandike tarehe kwenye jina lake, mwaka kwanza, ili zijipange zenyewe. Wala usifanyie kazi moja kwa moja kwenye flashi. Nakili kwanza ndani, fanya kazi, funga, kisha urudishe. Flashi ikichomolewa faili likiwa wazi, hata mimi siwezi kukusaidia.

Ukikwama, nipigie, hata usiku. Ila kabla hujanipigia uwe na majibu: linajifunga faili moja au yote, linajifunga ukifanya nini hasa, ni kitu gani kilibadilika wiki hii, na nakala iko wapi. Ukikosa hilo la mwisho, usiniulize lolote kwanza. Kaitengeneze, ndipo upige.